Sura ya Tisa: Aliyeziba Tundu la Hewa

Kerrie Haslam aliulizwa swali lile kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine akajibu vilevile.

"Sikuliziba. Sikujua hata kama lipo."

"Tepu tuliyoikuta kwenye droo yako ni ya rangi ileile," alisema Sajenti Hilary Thornber.

"Tepu ya kahawia? Nilifungia maboksi nilipohamia. Ingia nyumba yoyote hapa Burnley, fungua droo ya jikoni. Ukikosa tepu ya kahawia, rudi unitie pingu."

Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Upande wa pili wa kioo, Kian, mtoto wa Kerrie mwenye miaka sita, alikuwa kitandani na mpira wa oksijeni puani, akipaka rangi picha ya trekta. Kando yake alikaa Bi Prudence Yates wa ustawi wa jamii na fumbo la maneno la gazeti. Tangu wiki iliyopita Kerrie hakuruhusiwa kuingia chumba kile bila Bi Yates kuwemo.

Wiki iliyopita ndipo mama na mwana walipookotwa sakafuni jikoni, wamezimia. Boila ya zamani, mtambo wa gesi wa kupashia nyumba joto, ilikuwa imeijaza nyumba hewa ya kaboni, ile isiyo na rangi wala harufu. Mkaguzi wa gesi wa serikali alikwisha kutoa jibu lake. Boila ya aina ile huvuta hewa chumbani, kwa hiyo ukuta lazima uwe na tundu. Tundu lilikuwa limezibwa kwa tepu. Moto uliokosa hewa ulizaa masizi, masizi yakajaa dohani, na moshi ukarudi ndani. Mkaguzi aliliacha swali moja tu, ambalo halikuwa lake: nani aliziba?

Mwenye nyumba, Gordon Pilling, alikuwa na jibu. Mpangaji aliziba ili kuzuia baridi. Na hakusema kwa mdomo mtupu. Alileta cheti cha usalama wa gesi cha tarehe kumi na tatu Februari, kimetiwa sahihi na fundi aliyesajiliwa, kinachosema boila ni nzima na tundu liko wazi. Kerrie alihamia Januari. Kama tundu lilikuwa wazi Februari, aliyeliziba baadaye angekuwa nani mwingine?

Saa kumi jioni kungekuwa na kikao. Kama mama ndiye aliyeziba, Kian angetoka hospitali kwenda kulelewa na familia nyingine, na Kerrie angekwenda mahakamani.

"Fundi alikuja Februari?" aliuliza Thornber.

"Hakuja mtu."

"Cheti ulikiona lini?"

"Oktoba. Kilikuja kimebanwa pamoja na notisi ya kuhama."

"Ulipoingia hukupewa?"

"Nilipewa funguo na makatazo. Nisipige misumari, nisifuge paka, nisipake rangi."

"Kwa sheria, cheti ulitakiwa kukipata kabla ya kuingia. Na kila mwaka ukaguzi mpya, kwa gharama yake."

"Sheria." Kerrie alitazama kioo. "Nilimwambia kichwa kinaniuma na mwanangu anatapika, akaniambia nifungue dirisha. Nikamwambia basi lete fundi, akaleta notisi. Sasa hiyo sheria ningeidai kwa mdomo upi, Sajenti?"

Thornber alifunga kalamu yake. "Aliyefuatana na Kian hapa siku ile ni nani?"

"Bi Catlow, jirani. Ndiye aliyevunja kioo cha mlango kwa jembe la bustani. Muulizeni yeye kama mimi ni mwendawazimu wa kumfukiza mwanangu."

*

Pilling alikuwa akisubiri mlangoni, Mtaa wa Holroyd, na fungu la funguo mkononi kama bwana jela. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye viatu vilivyomwagikiwa rangi.

"Sajenti, karibu tena. Konstebo, nawe karibu. Kila mkija mimi nafunga kazi. Nina nyumba tisa, mjue."

"Hatutakaa," alisema Thornber.

Konstebo Zubair Akhtar alitangulia jikoni. Boila ilikuwa imefungwa kwa utepe wa mkaguzi wenye maandishi mekundu. Friji ilikuwa imesogezwa pembeni, na chini ya ukuta, pale friji ilipokuwa, palikuwa na tundu la mraba lililofunikwa. Mkaguzi alikuwa ameikata tepu upande mmoja tu, akachungulia, akaiacha mahali pake.

"Friji ya nani hii?" aliuliza Thornber.

"Yake. Nyumba zangu napangisha tupu. Alikuja nayo, akaisukumia hapo. Mnaona ujanja? Ukishaficha kwa friji, nani ataona?"

"Wewe hukagui?"

"Nakagua! Kila miezi mitatu, ukuta kwa ukuta. Lakini mimi nakagua kuta, sikagui migongo ya mafriji."

Thornber alitembeza macho chumbani. "Kuta safi sana."

Pilling alifura kama mkate. "Ndiyo kazi yangu hiyo. Niliipaka mwenyewe, wiki ya Krismasi, kabla bibie hajaingia. Chumba hiki kilikuwa kitupu, hakuna hata kijiko. Rangi moja kwa nyumba zote tisa. Nainunua kwa jumla."

"Na yeye hakuongeza kitu?"

"Athubutu! Imo kwenye mkataba. Mpangaji akigusa brashi, analo."

"Kwa hiyo ukuta huu haujapitiwa na brashi nyingine ila yako."

"Naapa kwa kaburi la mama."

"Andika hilo, Zubair."

Zubair aliandika. Thornber alipiga magoti, akawasha kurunzi, akaielekeza ubavuni mwa tundu. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akatoa kisu chembamba, akakata kipande cha tepu pamoja na ganda la rangi la pembeni yake, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Chukua chukua," alisema Pilling. "Alama za vidole vyake zimejaa humo, mtaona."

"Tutaona."

Nje, Zubair alingoja mpaka mlango ukafungwa. "Haya, bosi. Umepata nini kule chini?"

Thornber alimpa mfuko. "Geuza. Rangi iko wapi?"

Zubair aliuinua kwenye mwanga hafifu wa Novemba. Ganda la rangi lilitoka ukutani likapanda juu ya tepu bila kukatika, kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Juu ya tepu," alisema. "Tepu ilitangulia rangi."

"Na rangi ilimtangulia Kerrie. Kaapa mwenyewe, kwa kaburi la mama."

"Basi tumemaliza. Twende hospitali."

"Tukienda sasa, wakili wa Pilling atasema Kerrie alipaka kwa siri, kopo la rangi linauzwa dukani. Halafu ataweka cheti mezani. Fundi aliyesajiliwa anasema mwezi Februari aliliona tundu kwa macho yake, liko wazi. Mpangaji mmoja dhidi ya wanaume wawili na karatasi."

"Na kipande hiki?"

"Kipande hiki na cheti kile haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Kimoja kinasema uongo. Twende kwa jirani."

*

Hawakubisha. Mlango wa Bi Winifred Catlow ulifunguka kabla hawajafika.

"Nilijua mtakuja tu," alisema. "Wiki nzima mnapita hapa kama mimi ni nguzo ya taa. Mtoto nimembeba mimi, kioo nimevunja mimi, polisi hawana hata habari na mimi. Vueni viatu."

Walivua. Jikoni kwake kulikuwa na joto na harufu ya kabichi. Kijana yeyote angepata shida kubishana na Bi Catlow. Alikuwa na mikono mirefu, na kila alichosema alikisindikiza kwa mwiko.

"Tunatafuta gari la fundi wa gesi," alisema Thornber. "Huenda lilisimama mlangoni kwa Kerrie, tarehe kumi na tatu Februari."

"Mwanangu, sasa ni Novemba. Mimi jana nimesahau miwani kichwani."

"Ilikuwa Jumanne."

"Jumanne zote ni ndugu. Nitaijuaje hiyo?"

Zubair alikuwa ameshatoa simu, akirudisha kalenda nyuma. Alisita. "Bi mkubwa, ni Jumanne ya kuamkia Kwaresima."

Mwiko ulisimama hewani. "Jumanne ya chapati za maji! Sasa mbona mlikuwa mnanizungusha? Wewe umejuaje, kijana, na jina lako Zubair?"

"Nilisoma shule ya kanisa, pale Brierfield. Siku ile ya kumaliza mayai na maziwa kabla ya mfungo, tulikuwa tunakula chapati mpaka tunaomba turuhusiwe kulala."

"Umelelewa vizuri." Bi Catlow aliketi. "Basi nisikilizeni. Fundi wa gesi hakuja. Na kama alikuja alikuwa punguani, kwa sababu siku ile mtaa huu haukuwa na gesi hata ya kuchemshia yai."

Zubair alitoa kalamu.

"Walifukua barabara yote, wakatoa mabomba ya chuma ya enzi za babu yangu, wakaweka yale ya plastiki ya manjano. Wakakata gesi Jumatatu jioni, wakarudisha Jumatano. Hebu fikirini! Siku zote za mwaka, wakachagua Jumanne ya chapati. Watu walikuwa wanataka kuwapiga mawe."

"Nyumba zote zilikatiwa?"

"Zote. Ila mimi sikuathirika." Alilipigapiga jiko lake kwa kiganja. "Umeme. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaiogopa gesi kama simba. Nilimcheka mpaka akafa. Basi siku ile mtaa mzima ulihamia humu, kila mtu na unga wake na mayai yake, foleni mpaka nje kwenye mashimo. Nilikaanga tangu mchana mpaka kiuno kikagoma. Kerrie alileta malimau. Yule mtoto alikula mpaka akanitapikia kwenye zulia, hapo hapo uliposimama."

Zubair alisogeza mguu.

"Una hakika ni mwaka huu?" aliuliza Thornber.

"Kwani Kerrie kahamia lini? Mwaka jana nilikuwa simjui. Na waulize nyumba yoyote. Hakuna mtu hapa anayekumbuka siku ya kuzaliwa ya mwenzake, lakini chapati alizokula kwa Winnie Catlow, hizo anazikumbuka."

"Gari lenye ngazi juu, jina la fundi ubavuni. Hukuliona?"

"Fundi wa gesi, kwenye mtaa usio na gesi? Angepima nini, hasira zetu?" Bi Catlow alimtazama sajenti, na sauti yake ikashuka. "Ni kwa ajili ya Kerrie, siyo? Wanataka kumnyang'anya mtoto."

"Kikao ni saa kumi."

"Basi unafanya nini hapa? Vaa viatu."

Garini, Zubair alipiga simu kwenye kampuni ya mabomba. Alipitishwa kwa watu watatu, akasikilizishwa muziki, akasema "ndiyo" na "asante" mara nyingi, akakata.

"Mtaa wa Holroyd, nyumba zote. Imekatwa Jumatatu jioni, imerudi Jumatano mchana. Watatutumia kwa maandishi."

Thornber alikuwa ameweka nakala ya cheti kwenye usukani. Fundi alikuwa amejaza kila kisanduku: kipimo cha gesi inayoingia, kipimo cha moshi unaotoka, rangi ya mwali, hali ya dohani. Kila kisanduku kilihitaji moto unaowaka.

"Fundi huyu anaishi wapi?"

"Padiham. Clive Duckworth. Amesajiliwa miaka mingi, hana doa."

"Washa gari."

*

Duckworth aliwapokea sebuleni, kwenye kiti ambacho kwa hakika hakuwa akimpisha mtu. Alikuwa mwembamba, mwenye masharubu yaliyochanwa, na kwenye mkono wa kulia alikuwa na kovu jekundu la kuungua. Mkewe, Audrey, alikuwa akihangaika na vikombe jikoni, mlango wazi.

"Habari mbaya ile," alisema Duckworth. "Mtoto anaendeleaje?"

"Anapumua," alisema Thornber. "Boila ile uliikagua wewe."

"Mwezi Februari, naam."

"Unaikumbuka?"

"Mimi kazi zangu nazikumbuka, afande. Boila ya kizamani lakini nzima."

"Uliiwasha?"

"Bila kuwasha unapimaje? Niliiwasha, nikaiacha ipate moto, nikaingiza kipimo kwenye dohani."

"Mwali ulikuwa wa rangi gani?"

"Buluu. Buluu safi, umesimama wima. Ukiona mwali wa manjano ndiyo unaanza kuogopa."

"Na tundu la hewa?"

"Wazi. Niliweka kiganja, nikasikia upepo."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Asubuhi asubuhi. Tarehe kumi na tatu, si imeandikwa?"

"Jumanne."

"Jumanne, naam."

Audrey aliingia na sinia. "Jumanne gani hiyo?"

"Tarehe kumi na tatu Februari, mama," alisema Zubair, akimpokea sinia. "Jumanne ya chapati."

"Ile? Ile hakwenda kazini." Audrey aliwamiminia maziwa. "Clive siku hiyo huwa hakamatiki. Anakaanga kanisani kwetu tangu asubuhi, ukumbi mzima unamtegemea yeye. Mwaka huu si ndiyo akajiunguza? Mwonyeshe mkono, Clive. Nilimwambia shika kwa kitambaa, akasema yeye ni fundi wa moto. Fundi wa moto!" Alicheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Audrey," alisema Duckworth, "tuachie kidogo."

"Nimesema nini?"

"Kaa tu, mama," alisema Thornber. "Chai nzuri." Akamgeukia Duckworth. "Endelea. Ulikuwa unasema asubuhi asubuhi."

"Nilipitia kabla ya kwenda kanisani."

"Ukauona mwali wa buluu."

"Ndiyo."

"Ulipaki wapi?"

"Mlangoni."

"Barabara ilikuwa mashimo matupu, bwana Duckworth. Walikuwa wanabadilisha mabomba. Mtaa wa Holroyd ulikatiwa gesi tangu Jumatatu jioni mpaka Jumatano mchana. Hapakuwa na mwali wa buluu, wala wa manjano, wala wa rangi yoyote."

Duckworth alitazama kikombe chake kama mtu anayepiga ramli kwa majani ya chai, ingawa chai ilikuwa ya mfuko.

"Clive?" alisema mkewe.

"Cheti hiki ulikiandika lini?" aliuliza Thornber.

"Oktoba."

"Wapi?"

"Hapo mezani."

"Nani alikuja?"

"Gordon Pilling. Tumesoma pamoja." Alijifuta masharubu. "Alikuwa anataka kumtoa mpangaji. Wakili wake akamwambia bila cheti cha gesi mahakama haitamsikiliza, itaitupa notisi. Na Gordon hakuwa na cheti. Hakuwahi kuniita mwaka huu hata mara moja. Akasema, Clive, niandikie cha tarehe ya nyuma. Ni karatasi tu, mwanamke mwenyewe anaondoka."

"Kwa nini tarehe kumi na tatu?"

"Nilifungua kalenda yangu ya kazi nikatafuta siku ambayo sikuwa na kazi kwa mteja mwingine. Ili isigongane." Sauti yake ilipungua. "Ilikuwa tupu."

"Ilikuwa tupu kwa sababu ulikuwa na kikaango!" alisema Audrey. "Siku ya chapati, Clive! Mtu mzima unasahauje siku ya chapati?"

"Haiko Februari kila mwaka, Audrey. Inahamahama."

"Wewe ndiye uliyehamahama akili."

Thornber alisubiri wamalize. "Sasa nijibu polepole, Konstebo anaandika. Nyumba ile ya Kerrie Haslam, uliwahi kuingia?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Tundu la hewa uliliona?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hujui kama mwezi Februari lilikuwa wazi au limezibwa."

"Sijui." Alinyanyua macho. "Kama ningeingia, afande, ningeliona. Kitu cha kwanza tunachoangalia ni hicho. Ningeizima boila palepale, ningeibandika karatasi nyekundu ya hatari, Gordon apende asipende. Mimi ni fundi mzuri."

"Najua," alisema Thornber. "Ndiyo maana sheria inataka uingie."

Zubair alimsomea Duckworth haki zake. Audrey alikwenda kumchukulia koti. Alimletea la Jumapili, akamfungia vifungo kama anayempeleka mtoto shule, bila kumtazama usoni. Kisha akamwuliza Zubair kama huko kituoni wana blanketi.

"Nyumba nyingine za Pilling," alisema Thornber mlangoni. "Uliziandikia vyeti hivihivi?"

"Nne."

"Zenye watu?"

"Zote zina watu."

Thornber alitoa simu, akaita kituoni. Alitaka mkaguzi wa gesi aende nyumba nne kabla giza halijaingia na watu hawajawasha moto, na alitaka askari wawili wamfuate Gordon Pilling popote alipo. Kisha akatazama saa, akamkabidhi Duckworth kwa askari wa doria, akamwambia Zubair aendeshe.

*

Walifika wodini kikao kikiwa bado. Kerrie alikuwa kwenye benchi lilelile. Alisimama, akaona uso wa Thornber, hakuona kitu humo, akakaa tena.

Thornber alimpita akagonga kioo. Bi Prudence Yates alitoka na gazeti lake kwapani.

"Hakuliziba yeye," alisema Thornber. "Tepu ilikuwepo kabla hajahamia. Mwenye nyumba alipaka rangi juu yake."

"Kuna cheti, Sajenti. Nimekisoma mwenyewe. Kinasema lilikuwa wazi."

"Aliyekiandika hajawahi kukanyaga nyumba ile. Amekiri, tunayo kwa maandishi. Siku anayosema aliwasha boila, mtaa mzima haukuwa na gesi."

Bi Yates alivua miwani. "Na mwenye nyumba? Amekiri?"

"Hapana. Wamenipigia kutoka kituoni, sasa anasema aliziba mpangaji wa kabla ya huyu. Lakini brashi ni yake, na ameshaapa kwamba hakuna nyingine iliyopita. Amekwisha kuwekwa ndani."

"Nitahitaji kumpigia mkuu wangu."

"Piga."

Alipiga palepale, mgongo wake kwao. Mazungumzo hayakuwa marefu. Alisema "hapana", kisha "sajenti yuko hapa mbele yangu", kisha "hakuna tena cha kujadili, kwa kweli". Aliporudi alimwendea Kerrie, si Thornber.

"Bi Haslam, kikao kimefutwa. Huna kizuizi tena. Unaweza kuingia."

"Na wewe?"

"Mimi sihitajiki."

Kerrie hakusogea. Aliutazama mlango, kisha akamtazama Bi Yates, kama mtu anayengoja atanguliwe. Bi Yates alilielewa hilo kabla ya wengine. Akaufungua mlango, akaushika, akasimama kando.

"Wewe kwanza," alisema.

Kerrie aliingia. Bi Yates alifuata hatua mbili tu, akachukua mkoba wake chini ya kiti na koti lake nyuma ya mlango. Kian aliacha trekta.

"Unaenda wapi?" alimwuliza. "Hujamaliza fumbo."

"Naondoka. Kazi yangu hapa imekwisha."

Mtoto alifikiri. Alikuwa ameishi wiki kadhaa kwenye nyumba yenye notisi mezani, na alijua watu huondokaje mahali.

"Umefukuzwa?"

Bi Yates aliangalia mama, kisha mwana.

"Ndiyo," alisema. "Nimefukuzwa."

"Pole," alisema Kian, akasogea ukutani ili mama yake apate nafasi ya kupanda kitandani.